Chroot mnaionea bure

Ukitaja chroot tu lazima atokee mtu aseme hiyo kitu imezeeka, haina usalama, tumia kontena (zile za kufungia programu ndani ya boksi lake, kama za Docker). Nusu nakubaliana nae. Ila tujue kwanza tunabishania nini: kila prosesi (programu inayokimbia) kwenye Unix ina mahali inapopaita "/", ndo njia zote za mafaili zinapoanzia, na chroot inaiambia hiyo prosesi kuanzia sasa "/" yako ni folda hii hapa. Basi, kazi imeisha. Ipo tangu Unix toleo la 7 la mwaka 1979, na ukifungua maelezo yake rasmi, man 2 chroot, kwenye Linux wamekuandikia wazi kabisa kwamba haijakusudiwa kwa mambo ya usalama.

Wanaoiponda hoja wanayo lakini. Ukiwa root (yule yuza mkuu mwenye ruhusa zote) humo ndani unatoka kiulaini, unatengeneza folda, unaita chroot kwenye hiyo folda bila kuingia, kwa hiyo ua umejengwa mbele yako we umebaki nje, hapo unapiga chdir("..") mara kadhaa mpaka juu kabisa kisha chroot(".") na umeshatoka. Tena hata usipotoka, mtandao ni ule ule na prosesi za nje unaweza kuziua. Ndo maana FreeBSD 4.0 ya mwaka 2000 ikaja na jail, gereza kali zaidi la prosesi, na kontena za Linux zikachukua pivot_root, hiyo inahamisha maunti yenyewe (diski ilivyopachikwa kwenye "/"), mzizi wa zamani unawekwa pembeni halafu unauondoa kabisa, huna tena huko juu pa kupandia. Runc inayobeba kontena za Docker inatumia hiyo. Sawa.

Ila soma tena ule mchezo wa kutoroka, unaanza na neno root. Yuza wa kawaida hata kuiita chroot haruhusiwi, na sababu yake naipenda sana: angeruhusiwa angejitengenezea folda yenye etc/passwd na etc/shadow (faili za mayuza na paswedi) zake za uongo, akaiwekea hadi hard link ya su ya kweli (amri ya kugeuka yuza mwingine) kama iko partisheni hiyo hiyo, akaingia humo na su ingeamini hizo faili na kumpa u-root kwa paswedi aliyojitungia mwenyewe. Ndo hofu hiyo hiyo inayofanya OpenSSH (ile ya kuingia seva kwa mbali) ukiweka ChrootDirectory, yaani kumfungia yuza kwenye folda moja, ikatae folda ambayo sio mali ya root au ambayo wengine wanaweza kuandika humo. Watu wanakasirika wanapiga chmod 777, ruhusa zote kwa kila mtu (jamani!), inagoma vile vile, wanakuja kusema chroot mbovu. Imekulinda hiyo.

Na hapo bado sijafika kwenye kazi yake hasa. Juzi laptop ya binamu yangu umeme umekatika katikati ya apt upgrade (kusasisha programu), betri yenyewe ilishakufa zamani, kuwasha haibuti. Nikachomeka fleshi ya Debian, nikamaunti diski yake kwenye /mnt, chroot /mnt, dpkg --configure -a ikamalizia vilivyobaki vizuri tu, kufika update-grub, ya kupanga upya grub inayobutisha mashine, ikagoma, grub-probe inasema haioni kifaa cha "/", eti /dev imemauntiwa? Kweli nilisahau. Nikatoka, mount --bind ya /dev, /proc na /sys (nikazionyesha za fleshi ndani ya /mnt), nikarudi ndani, ikapita.

Sasa niambie kontena ingenisaidia nini pale. Mimi sikutaka kumfungia mtu, nilitaka apt na grub ziamini kwamba zimebuti kwenye diski ya binamu wakati kerneli (kiini cha mfumo) ni ya fleshi, na kwa hilo uwazi wake wote mnaouita udhaifu ndo nilikuwa nauhitaji, maana ningezuiwa nisiguse /dev halisi hiyo grub ingeionaje diski? Seva unayopangishia watu usiowajua weka pivot_root na namespace (kuta za kutenganisha prosesi, mtandao na kadhalika) zake zote, sibishi. Fleshi yangu ya Debian iacheni na chroot yake.