Ndaa ya mashine

Sisi watu wa Amu, yaani Lamu, njaa twaiita ndaa. Majuzi nilikuwa barazani mtaa wa Mkomani baada ya alasiri, nikaiandikia programu ya akili unde iliyo kwenye simu yangu: "Nina ndaa, nile nini?" Ikanijibu kwa adabu, tena kwa urefu, habari za ndoa. Ikanishauri niwaone wazee wa upande wa mke kabla sijapanga karamu. Ami yangu aliyekuwa kando akataka kujua yasemaje, nikamsomea. Hakucheka. Aliniuliza tu, "Kwani hiyo haikusoma?"

Imesoma, Ami. Imesoma kuliko binadamu yeyote aliyewahi kushika kitabu, na tangu siku ile swali lako halijanitoka.

GPT-3, mashine ya akili unde ya kampuni ya OpenAI iliyotangazwa mwaka 2020, ilipitishwa kwenye vipande vya maneno bilioni 300 hivi; kipande huwa neno zima au sehemu ya neno. Miaka minne baadaye Llama 3 ya kampuni ya Meta ikalishwa zaidi ya trilioni 15. Hiyo ni mara hamsini. Katika shehena ile ya GPT-3, maneno ya Kiingereza yalikuwa karibu asilimia 93. Lugha zote nyingine za dunia ziligawana kilichobaki, na Kiswahili chote, bara na pwani, kilipata ukoko wa sufuria. Sasa Kiamu kitakuwa na nini humo?

Lakini uchache wa lugha yetu ni nusu tu ya jambo. Kinachonishughulisha zaidi ni ndaa yenyewe, namna ilivyoundwa. Mashine hizi hufundishwa kwa zoezi moja linalorudiwa bila kuchoka: huonyeshwa maandishi, neno linalofuata likafichwa, nayo hukisia. Ikikosea, kosa hupimwa kwa hesabu, na namba zilizo ndani yake husogezwa kidogo ili mara ijayo kosa lipungue kidogo. Kisha neno jingine, na jingine. Kosa hupungua, lakini haliishi kabisa, kwa sababu hakuna awezaye kujua kwa yakini neno litakalotoka kinywani mwa mwenzake. Mwaka 2020 watafiti wa OpenAI walionyesha kwamba kupungua huko kwa makosa kuna kanuni inayotabirika: ukiongeza maandishi, ukubwa wa mashine na nguvu za kompyuta, inaboreka. Ila kila hatua inakuwa ghali kuliko iliyopita. Kupata nafuu ndogo ya leo lazima umwage maandishi maradufu ya jana, na kesho maradufu ya leo. Mlaji wa namna hii kila sahani humfanya ahitaji sahani kubwa zaidi.

Chuoni, kwenye madrasa, tulifundishwa kwamba walafi wawili hawashibi: mwenye kutafuta elimu na mwenye kutafuta dunia. Maalim alikuwa akilisema hilo akitutazama mmoja mmoja, kana kwamba anakisia nani atakuwa yupi. Na sisi wenyewe tuliombeshwa kila asubuhi, Mola tuzidishie elimu. Kwa hiyo siwezi kuilaumu mashine kwa kutoshiba. Kutoshiba elimu kwetu ni sifa. Ninachouliza ni hiki: katika walafi wale wawili, hii ni yupi?

Nilijaribu kuifanyia insafu. Nilipoieleza kwamba ndaa ni njaa, iliomba radhi, ikashukuru, ikaongeza hata kwamba lahaja za kaskazini zina "nd" mahali penye "nj", kama ndia na njia. Nikafurahi, kwa kweli. Siku ya pili nikafungua mazungumzo mapya, nikauliza vilevile, nikaozeshwa tena. Kumbe ule mlo mkubwa ulikwisha zamani. Mashine ikitoka kiwandani namba zake zimefungwa, na ninayoiambia humo hayagusi kitu ndani yake. Mwanafunzi wa chuo akifunzwa neno moja linamgeuza. Hulala akiwa mwingine, na akiamka lile neno lamtafutia maneno mengine. Hiyo ndiyo ndaa ya elimu niijuayo. Ya mashine haina anayeiona uchungu. Wenye kuona uchungu ni wenye mashine, na wao wanatafuta dunia. Sisemi hivyo kwa kuwatukana. GPT-4, iliyoifuata GPT-3, ilipotolewa Machi 2023, waundaji wake waliandika wazi kwamba hawataeleza maandishi iliyolishwa, na sababu waliyoitaja kwanza ni ushindani wa soko. Desemba ya mwaka huohuo gazeti la The New York Times likaenda mahakamani kudai kwamba makala zake zililiwa bila idhini.

Idhini. Kwetu neno hilo lina ndugu yake mzito, ijaza. Mji huu umekuwa mji wa elimu tangu kabla ya mwanachuoni Habib Swaleh kutoka Ngazija na kuasisi msikiti wa Riyadha, na baada yake wanafunzi wamemiminika hapa kutoka pwani yote. Elimu waliyoifuata haikuzolewa. Ulikaa mbele ya sheikh, ukasoma kitabu naye, akakusahihisha, na mwisho akakupa ruhusa ya kukisomesha. Na ruhusa ile ilikuwa na nasaba: yeye alichukua kwa fulani, naye fulani kwa fulani. Mtu akikuuliza umelitoa wapi neno hili, una jibu. Mashine ukiiuliza ilikotoa neno, mara nyingi hukisia hata hilo, kwa kuwa maandishi yakishasagwa kuwa namba majina ya walioyaandika hayawekwi kando yake. Inakula na kumsahau aliyepakua.

Ulafi wa kutoka mbali si mgeni hapa, lazima tukiri. Muhammad Kijuma, mwandishi, msanii na mchonga milango wa mji huu, aliwanakilia wataalamu wa Ulaya tendi nyingi kwa mkono wake mzuri wa hati za Kiarabu, na nakala za namna hiyo leo ziko London. Yeye alilipwa na jina lake linajulikana. Wangapi walioandika kabla yake hawajulikani, hilo lanisikitisha. Lakini kama karatasi zile zingebaki zote hapa, mchwa na chumvi ya hewa vingekuwa vimekula zaidi kuliko Mzungu yeyote.

Ndiyo maana sina moyo wa kusema tufunge milango. Nyumbani kwetu kuna sanduku la madaftari ya marehemu babu, na binamu yangu aliyeko Mombasa anataka tupige picha kila ukurasa, tuweke kwenye intaneti, ili siku moja hizi mashine zijue ndaa ni nini. Tumebishana miezi. Mimi nasema tutoe. Lugha isiyoandikwa humo vijana wetu wataiacha, kwa sababu wao sasa huuliza simu kabla ya kumuuliza bibi. Lakini tutoe kama watu watoao ijaza: tendi na mashairi, kila moja na jina la aliyetunga na aliyenakili, na sharti letu liandikwe mbele kabisa. Daftari la dawa na la siri za watu waliomjia babu na shida zao litabaki sandukuni. Na kampuni itakayokuja kutaka zaidi, ianze kwa kutuonyesha orodha ya ilivyokwisha kula na kwa nani. Najua wanaweza kuchukua bila kubisha hodi. Sharti nitaliandika hata hivyo.

Mama alikubali upesi. Ami ndiye aliyekuwa mgumu, na ufunguo anao yeye.

Jumamosi iliyopita aliniita. Sanduku lilikuwa wazi juu ya mkeka, karafuu zikinuka, na daftari la kwanza lilikuwa mapajani mwake. Nikatoa simu. Akanizuia kwa mkono, akafunua ukurasa wa mwisho. Chini kabisa, kwa wino uliokwisha kuwa rangi ya chai, aliyenakili ameandika jina lake na kumwomba kila atakayesoma amsomee Fatiha. Ami akavaa miwani, akalisoma jina lile kwa sauti, akamsomea. Kisha akanisogezea daftari, akasema, "Haya, piga."