Bibi Yangu Hayumo Humo

Watu hurudi kutoka semina na mikoba na fulana. Mganga mfawidhi wetu karudi na neno: ushahidi. Posho kabaki nayo mwenyewe, neno katugawia sisi. Sasa huku Newala huwezi kumwambia mgonjwa anywe maji mengi bila mtu kukuuliza, "Utafiti gani huo umesema?" Maji yenyewe ni ya kuhangaikia, lakini ushahidi lazima.

Mimi nikapangiwa mada ya kuwasilisha: tiba ya familia. Mzee mmoja aliyekuwa benchini akadaka. "Daktari, ni familia ya nani hiyo yenye daktari wake?" Nikamweleza kwamba hiyo ni fani. Unamtibu mtu pamoja na mama yake na wajukuu zake, leo kifua, kesho presha, miaka nenda miaka rudi. Akanitazama. "Si ndiyo kazi yako ya kila siku? Sasa umepewa jina jipya au mshahara mpya?" Jina, mzee wangu. Jina tu.

Nikajiunga bando, nikaingia PubMed, mtandao wa kutafutia makala za utafiti wa tiba. Wao hawana ubaya, nisije nikasingiziwa. Kuingia ni bure. Ni mali ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, iko mtandaoni tangu 1996, na ina kumbukumbu za makala zaidi ya milioni 35. Milioni 35! Nikasema humo hata aliyeng'atwa na siafu Kitangari nitamkuta. Nikaandika kwa Kiingereza, maana kwa Kiswahili hutoki na kitu: familia, tiba. Zikamwagika. Familia za jeni. Familia za protini. Familia za bakteria, ukoo kwa ukoo, mpaka binamu. Bando linayeyuka huku nasalimiana na vijidudu, na familia yenye mke, mume na mkwe mkorofi sijaiona hata moja.

Kijana wa maabara akanihurumia. "Dokta, wana faharasa yao, MeSH." Kumbe ipo tangu 1960, makala nyingi zinabandikwa lebo za mada. Kazi yetu sisi imebandikwa "Family Practice", nyingine ziko chini ya "General Practice", nyingine zimelazwa "Primary Health Care", na zote ni mimi yule yule na koti langu lililokosa kifungo. Ili uzipate pamoja unaziunganisha kwa OR, halafu unaleta ugonjwa wako kwa AND, tena kwa herufi kubwa. OR inakaribisha kila mtu kwenye ngoma, AND inasimama mlangoni kudai kadi ya mwaliko.

Nikapata jeuri. Nikaandika korosho, kwa sababu kuna bibi mmoja nilikuwa namfikiria. Mbangua korosho. Viganja vimeunguzwa na mafuta ya ganda, ana presha, ana sukari, magoti yanalia akiinuka, na kaja na mjukuu anayekohoa tangu watu waanze kupuliza salfa mikoroshoni. Hiyo ndiyo tiba ya familia, imekaa kwenye benchi moja inanisubiri! Nikaletewa nini? Mzio. Watoto wa Ulaya waliokula korosho midomo ikavimba. Yaani anayeila akivimba anaandikiwa makala, anayeibangua akiungua anaandikwa kwenye kitabu cha MTUHA, rejesta yetu ya wagonjwa, basi. Nikajaribu salfa. Ukurasa ukajaa ubwiriunga, ugonjwa wa mikorosho, na majani yake. Nikagundua mkorosho una madaktari wengi kuliko mtu anayeupulizia.

Haya, korosho tuiache. Nikaandika presha. Hapo zipo, tena tafiti nzito. Nikafungua moja, nikasoma nani aliruhusiwa kushiriki: mwenye sukari katolewa. Nyingine: mwenye umri mkubwa katolewa. Nyingine: anayemeza dawa fulani fulani katolewa. Bibi yangu anafukuzwa kila mlango. Wenzetu wanapenda mgonjwa wa ugonjwa mmoja, msafi, anayekumbuka vidonge na kuwahi kliniki. Huyo mimi sijawahi kumpokea. Akitokea nitaomba kupiga naye picha.

Na haya yalishasemwa zamani. Mwaka 1961 bwana Kerr White na wenzake, kwenye jarida la tiba la New England Journal of Medicine, walitazama takwimu za Marekani na Uingereza wakapiga hesabu: katika watu wazima 1000, ndani ya mwezi mmoja 750 hivi wanaumwa au wanaumia kitu, 250 wanakwenda kumwona daktari, 9 wanalazwa, na 1 ndiye anayefika hospitali ya chuo kikuu. Sasa watafiti wengi wamekaa wapi? Kwa yule 1! Wamemzunguka, wanampima, wanamwandika. Mimi hapa nina wale 250, wamefika mpaka chini ya mwembe, na mtu wa dawa anaitazama saa tisa na nusu kwa hamu.

Na asiniambie mtu kwamba huku hatujulikani. Chikungunya, homa ya mbu inayoumiza viungo, ilielezwa kutokana na mlipuko wa 1952 na 1953 kwenye uwanda huu huu wa Makonde. Watafiti Robinson na Lumsden wakachapisha mwaka 1955. Jina lenyewe ni la Kimakonde. Mababu wamepinda viungo, sayansi imepata makala, na leo mjukuu wao nikibofya makala fulani ya maumivu ya viungo naambiwa nitoe dola zaidi ya 30! Nipeleke korosho mnadani, nisubiri malipo ya stakabadhi ghalani, ndipo nifungue PDF?

Ipo njia, sikatai. Shirika la Afya Duniani lilianzisha Hinari mwaka 2002, ili taasisi za nchi kama zetu zisome majarida bure au kwa bei nafuu. Taasisi, sikiliza vizuri, siyo wewe na simu yako iliyopasuka kioo. Nikaulizia neno la siri kwenye chuo kimoja. Analo mkutubi. Mkutubi yuko wapi? Likizo, Liwale ndani ndani huko, simu haishiki. Neno la siri nalo limeenda likizo na posho ya usafiri.

Mwisho nikaangukia jarida la Afrika la tiba ya familia na afya ya msingi, linatoka Afrika Kusini tangu 2009, bure kabisa, na humo nikaanza kuwaona watu ninaowafahamu: wenye magonjwa matatu na nauli ya kwenda tu. Nikakesha nalo. Asubuhi bibi kaja, nikamkalisha kwa furaha, nikamweleza kinga ya mikono kwa ushahidi, kwa hatua, mpaka nikamchorea.

"Mwanangu," akasema, "majivu tunapaka tangu enzi za mama yangu. Mimi nimefuata dawa ya presha. Ipo?"

Imeisha tangu wiki iliyopita.

"Na hiyo hukuitafuta humo kwenye simu?"