Aptama za DNA dhidi ya korona: mlango zinaziba, ila mwilini hazikai

Juzi nilikuwa mwalo wa Kibirizi hapa Kigoma kununua dagaa, katika maongezi nikamgusia mama mmoja ninayenunuaga kwake kwamba kuna utafiti wa kutumia vipande vya DNA kuzuia virusi vya korona visiingie kwenye seli za mtu. Akaweka ungo chini akanikazia macho, "Mwanangu, hiyo DNA wakishakuwekea si unageuka mtu mwingine?" Mi kazi yangu ni maabara, swali lile nikaenda nalo mpaka nyumbani, maana najua wengi huku Kigoma wangeuliza hivohivo na wana haki kabisa.

Jibu ni hapana, hugeuki. Vipande hivyo vinaitwa aptama, na aptama ni uzi mfupi tu wa DNA, unaundwa kwa kemikali kwenye mashine, hautolewi kwa mtu wala haubebi maelekezo ya kutengeneza kitu chochote, kazi yake ni kujikunja ukapata umbo fulani afu umbo hilo likang'ang'ania kitu kimoja tu. Na kwa korona kazi yenyewe inafanyika nje ya seli. Kirusi cha korona kina miiba, ncha ya mwiba ikishika kipokezi kinachoitwa ACE2 juu ya seli zetu ndo kinapata njia ya kuingia. Aptama inawahi kuikalia ile ncha. Mwaka 2020 watafiti wa China walitangaza mbili, moja ya herufi (yaani viungo vya DNA) 51 nyingine 67, zote zinaishika ncha hiyo vizuri sana.

Wanazipataje? Njia inaitwa SELEX, ilianza 1990 kwenye maabara mbili za Marekani, na ukimwangalia yule mama akichambua dagaa utaielewa. Anarusha ungo, makapi yanapeperuka, anatoa kokoto kwa kidole, afu anarudia tena na tena kwa sababu mchanga wa mwaloni hautoki kwa mara moja. Maabara nao wanachukua matrilioni ya nyuzi zilizopangwa kwa kubahatisha, wanazichanganya na ule mwiba, zisizoshika zinaoshwa zinaenda, zilizoshika wanazizidisha kwa PCR, yaani mashine ya kunakili DNA, wanarudia, raundi hata nane au kumi, mpaka wabaki na zile king'ang'anizi kabisa.

Kinachonivutia mimi hasa ni joto. Kingamwili, ambayo ndo hushika virusi kwenye vipimo na dawa nyingi, ni protini, ikichemka imeharibika basi, wakati aptama ukiipasha inakunjuka na ikipoa inajikunja tena kama mwanzo, na ikikaushwa inasafiri bila barafu. Kigoma tumeishi miaka mingi kwa umeme wa majenereta ya dizeli, kwenye kituo kimoja nilichowahi kufanya kazi umeme ulikatika Ijumaa jioni, Jumatatu tunafungua friji boksi za vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, zimelowa maji na vipimo vyote ni vya kutupa, na wagonjwa wako kwenye benchi wanasubiri, nikalazimika kutoka nje kuwaambia warudi wiki ijayo na wengine walikuwa wametoka vijiji vya mbali, ile siku sijaisahau. Kwa hiyo mtu akiniambia kuna kitu kinachofanya kazi ya kingamwili na hakihitaji mnyororo baridi, yaani kukaa kwenye baridi njia nzima, namsikiliza.

Ila sasa upande wa pili ni mzito, na hapa naona wanaoshangilia wanapita haraka. Damu yetu imejaa vimeng'enya vinavyokatakata DNA, aptama isiyoboreshwa inaisha ndani ya dakika, na hata ikinusurika ni ndogo mno, figo zinaichuja inatoka na mkojo. Njia ya kufanya ikae ni kuibebesha mkia wa kemikali inayoitwa PEG, lakini mwaka 2014 majaribio makubwa ya aptama ya kuzuia damu kuganda yalisimamishwa baada ya baadhi ya wagonjwa kupata mzio mkali, na PEG ndo ikanyooshewa kidole. Zilizoidhinishwa Marekani kama dawa ni mbili tu, ya 2004 na ya 2023, zote ni za kuchomwa ndani ya jicho, sehemu iliyojifunga ambayo dawa haisambai haraka. Mapafu sio jicho. Aptama kuzuia virusi kwenye seli za maabara ni habari njema kweli, lakini ya korona iliyoruhusiwa kwa mgonjwa haipo.

Afu kuna kirusi kubadilika. Aina ya korona iitwayo Omicron, ya Novemba 2021, ilikuja na mabadiliko zaidi ya 30 kwenye mwiba, dawa nyingi za kingamwili zikapoteza nguvu, na aptama inayokaa palepale kwenye ncha inaweza kupatwa na hayohayo. Unaweza kusema basi tuzibe ACE2 yenyewe, maana hata SARS ya 2003 iliingilia hapo, lakini ACE2 inasaidia kurekebisha presha, huwezi kuiziba ovyo, na MERS, korona nyingine, haitumii mlango huo, inatumia kipokezi kingine kinachoitwa DPP4. Utetezi wa aptama hapo ni kwamba ukishapata mwiba mpya unachambua upya ndani ya wiki kadhaa.

Mimi nasimama hapa: kwa Kigoma aptama ianze kwenye vipimo kabla ya dawa, kwa sababu kwenye kipimo hakuna figo wala vimeng'enya vya damu vya kupigana navyo, na sisi ni mkoa wa mpakani, maboti ya Kongo na Burundi yanaingia kila siku, na hapo jirani Gombe kuna sokwe ambao mafua ya binadamu tu yanawaua, na ACE2 yao kwenye sehemu inayoshikwa na mwiba inafanana na yetu. Kipimo kinachokaa kwenye droo bila friji kingetusaidia kesho asubuhi. Na dawa, tuseme aptama ya kupulizia puani, nitaiamini siku nitakapoona majaribio ya watu yanaonyesha imekaa puani saa kadhaa ikiwa nzima na virusi vimepungua, na yule mama nitamwambia hivohivo nikirudi kununua dagaa.