Foronya Zinazochuja

Tuanze na foronya, maana kesi yote ilianzia hapo.

Siku ya harusi yetu, Moshi, shangazi yangu alitupa zawadi ya foronya mbili nyeupe alizodarizi kwa mkono wake mwenyewe. Moja imeandikwa LALA, nyingine SALAMA, kwa uzi mwekundu wa kuiva, na pembeni kuna njiwa wawili ambao ukiwatazama kwa mbali ni bata. Wakati anazikabidhi alimvuta mke wangu kando, mimi nimesimama hapo hapo macho yakifuata sinia za pilau, akamwambia, "Uangalie tu mwanangu, hizi zinachuja." Nililisikia hilo neno vizuri kabisa. Nikalihifadhi.

Miaka minne baadaye tuko Minneapolis, Marekani, mwezi wa Januari, nje nyuzi 17 chini ya sifuri. Mke wangu anafanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya wazee. Jumamosi hiyo mimi niko peke yangu ndani, na mtu wa Moshi akikaa peke yake ndani wakati wa baridi huanza kuwaza pombe.

Nilikuwa nimesoma kwamba mwaka 1978 Rais Jimmy Carter alitia saini sheria iliyoruhusu watu kujitengenezea bia nyumbani bila kulipa kodi. Mtu mzima mmoja anaruhusiwa galoni 100 kwa mwaka, yaani lita 378, mradi asiuze. Lita 378! Nikaona kumbe miaka yote hii naishi nchi hii haki yangu imelala tu kama mafao ambayo sijaenda kuyachukua. Na damu ipo. Shangazi huyo huyo wa foronya amesomesha watoto watatu kwa mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Nimekua nikimwona akiotesha ulezi, akiuanika, akiusaga, akipika na ndizi mbivu tangu alfajiri mpaka macho yanakuwa mekundu kwa moshi, akitia gome la msesewa ili upatikane ule uchungu wa heshima. Sijawahi kumwona na kipimajoto. Anachovya kidole. Kikiuma kidogo, sawa. Kikikimbia chenyewe, bado.

Dukani muuzaji aliniuliza kama ndiyo mara yangu ya kwanza. Nikasema ndiyo. Akanionyesha kopo la rojo ya kimea: unaichanganya na maji, unachemsha, basi, nusu ya kazi kiwanda kimekwisha kufanya. Nilimtazama kama mtu aliyetukaniwa ukoo. Nikamwambia mimi nataka nafaka. Akanipimia kilo mbili za kimea cha shayiri, akakipitisha kwenye mashine ya kupasua punje (kupasua, si kusaga, ukikifanya unga umepika ugali), akanipa pakiti ya hamira gramu 11 na kifuko cha hopsi. Hopsi ni maua ya mmea unaotambaa, lakini hizi zilikuwa zimesindiliwa zikawa vidonge vya kijani kama chakula cha sungura. Kazi yake ni ile ile ya msesewa: kutia uchungu.

Akaniuliza una sufuria ya ukubwa gani. Nikasema kubwa.

Ilikuwa ya lita saba. Kwetu ni kubwa, tunapikia pilau ya wageni. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: sufuria ya lita saba itatoa lita saba za bia. Sijui kwa nini niliamini hivyo wakati hata pilau yenyewe haijawahi kufanya hivyo.

Ni hivi. Kimea kina wanga, na ndani yake kuna vimeng'enya vinavyougeuza wanga huo kuwa sukari, ambayo hamira itakuja kuila baadaye. Lakini vimeng'enya hivyo vina maringo. Vinataka maji ya nyuzi kati ya 62 na 70. Chini ya hapo vinazembea, ukizidisha sana vinakufa, na vikifa umebaki na uji. Maelezo niliyosoma yalisema nyuzi 67 kwa saa nzima, kimea kikiwa ndani ya mfuko wa kitambaa ili mwishoni unyanyue mfuko, machicha yatoke nao na maji matamu yabaki. Hayo maji matamu Wazungu wana jina lao, sisi tuna togwa, na tutaenda na togwa.

Mfuko sikuwa nao. Nikazunguka nyumba nzima natafuta kitambaa cha kuchujia. Shuka, kubwa mno. Fulana, mbichi kwa jasho. Ndipo likanijia lile neno la shangazi, limekaa kichwani miaka minne likingoja siku yake: hizi zinachuja.

Nikavua SALAMA kwenye mto.

Nilitia lita sita za maji kwenye sufuria, zikafika nyuzi 70 na kitu, nikatumbukiza foronya, nikaanza kumimina kimea ndani kama mtu anayejaza gunia. Nilipofika kilo moja na nusu maji yalikuwa ukingoni. Nilikuwa nimesahau kwamba nafaka nayo ina mwili. Ukiingia kwenye beseni lililojaa, maji hayakuulizi wewe ni nani. Ile nusu kilo ya mwisho niliiingiza kwa kijiko, kijiko kimoja ndani, kijiko kimoja cha maji sakafuni. Kukoroga haiwezekani. Nilikuwa naipapasa kwa mwiko tu, kama mtu anayembembeleza mtoto asiamke.

Saa nzima nimeinama pale na kipimajoto. Zikishuka 64 nawasha jiko, zikipanda 71 nazima na kupepea kwa gazeti la matangazo. Nilihangaika na nyuzi za kipimajoto, kumbe nyuzi zenye kesi ni zile za foronya. Maana kadiri dakika zilivyokwenda togwa langu lilianza kuwa na wekundu fulani mzuri, kama jua la magharibi. Nikajipongeza. Nikasema kimea hiki ni cha daraja la juu.

Kuinyanyua sasa. Foronya imefumwa iweze kuzuia manyoya yasitoke. Kupitisha togwa si kazi yake. Niliining'iniza kwenye mpini wa ufagio, mpini juu ya viti viwili, sufuria chini yake. Tone. Kimya. Tone. Nikaona nitazeeka. Nikaanza kuikamua kama tui la nazi, ikaniunguza, nikavaa glavu za theluji, nikakamua tena, mshale mmoja wa togwa ukatoka pembeni ukapiga friji. Mwisho wa yote sufuriani mlikuwa na lita tatu na kidogo. Lita mbili zilikuwa zimenywewa na machicha. Kilo moja ya kimea hunywa karibu lita moja ya maji na hairudishi, hata ukiikaba.

Nikasema si kitu. Nikawasha moto mkali, nikatia hopsi zote nilizopimiwa kwa ajili ya lita saba, nikageuka kuosha mwiko.

Bia ikianza kuchemka haikupi taarifa kama maziwa yanavyokupa. Maziwa huvimba, yanakutazama, unapata muda wa kukimbia. Hii ilipanda mara moja, povu la kijani na waridi likavuka ukingo, likashuka kwenye jiko la umeme, likaungua. Moshi ukajaa. Kengele ya moshi ikalia. Nikasimama chini yake nikipunga taulo, nikiwa na wazo moja tu la kipuuzi kichwani: mimi ni wa Moshi, imenitambua.

Mlango ukagongwa. Ni jirani wa chini, Mkenya, mtu wa pande za Kakamega, yuko na kaptula na buti za theluji.

"Buda, kwani mnachoma nyumba?" Kisha pua ikamwinuka. Akaingia bila kukaribishwa, akafuata harufu hadi jikoni kama mtu anayeitwa kwa jina. "Hii ni kimea. Wee! Hii ni kimea! Guka yangu, babu, alikuwa anatengeneza busaa, walikuwa wanakaa wazee kumi na mirija mirefu kwa chungu moja." Macho yakamlenga. Nikawa nimepata msaidizi, na kwa kweli kuanzia hapo mambo yaliharibika haraka zaidi, kwa sababu sasa tulikuwa wawili wenye uhakika.

Baada ya saa nzima ya kuchemsha lazima upoze haraka, kabla hujatia hamira, la sivyo unaiua. Watu wana mrija wa shaba unaopitisha maji baridi. Jirani akafungua pazia. "Friji ya Mungu hii hapa." Theluji ngazini imefika magotini. Tukaona hata hao wenye mirija ya shaba hawana akili.

Tukaichimbia sufuria kwenye theluji kama mtu anayepanda mgomba, tukarudi ndani kunywa chai. Nusu saa baadaye nikatumbukiza kipimajoto: nyuzi 61. Nje nyuzi 17 chini ya sifuri, na sufuria bado inaunguza! Kumbe theluji imejaa hewa, na hewa hiyo ni blanketi. Ile iliyogusa sufuria iliyeyuka palepale, likabaki pango, na sufuria ikawa imekaa ndani ya pango lake mwenyewe, inaota moto. Tungeiweka kwenye sinki la maji ya bomba ingekuwa imepoa zamani. Na chini nako kulikuwa kumeyeyuka upande mmoja. Nilipoondoa kifuniko ikainama taratibu, kama mzee anayesinzia kanisani, ikamwaga karibu nusu lita kabla hatujaidaka.

Jirani mwingine, mama mmoja mtu mzima wa hapa, alikuwa anapita na mfuko wa takataka. Akaona wanaume wawili wamepiga magoti, glavu zinatoka mvuke, na mbele yao theluji nyeupe ina doa kubwa jekundu. Akauliza kwa sauti ndogo kama kuna mtu ameumia na kama apige simu. Jirani yangu akamjibu, "No, no, it's food." Sidhani kama ilimsaidia.

Hamira tulitia saa saba usiku. Pakiti nzima, gramu 11 za kutosha lita 20, kwenye togwa lisilofika lita moja na nusu. Asubuhi ilikuwa inanguruma.

Saa mbili asubuhi mke wangu akarudi kutoka kazini. Mimi napiga deki jikoni kwa mara ya tatu. Nikamsikia ameingia chumbani, kimya, halafu:

"Salama iko wapi?"

"Salama tu mke wangu, pole na kazi."

"Sikusalimii. Nauliza SALAMA iko wapi."

Nikamwambia niliimwagia chai, iko kwenye mashine inafuliwa. Ilipotoka ilikuwa na rangi ya soksi. Herufi zimepauka, na bata, yaani njiwa, wamekuwa mizimu. Akainusa. "Chai gani hii inanuka uji?" Nikasema ni sabuni mpya. Yeye alikuwa amekesha na wazee usiku kucha, akaamua kulala na LALA peke yake.

Wiki mbili za kuchachuka, wiki mbili nyingine kwenye chupa. Tulipata chupa tatu na nusu. Kwa hesabu hiyo mwaka ule bado naidai serikali ya Marekani lita 376 na ushee.

Siku ya kufungua nilimpigia shangazi kwa video. Ilikuwa lazima, huwezi kupika pombe kwenye ukoo ule ukanywa kabla wakubwa hawajaiona. Jirani yuko, mke wangu amekaa pembeni amekunja mikono.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Haya, lete tuone hicho ulichopika huko kwa wenzetu."

Nikamimina. Ilitoka nzito, polepole, na juu ilikuwa na povu la rangi ya waridi kama la sabuni ya mtoto. Jirani akanywa kwanza kwa niaba ya guka yake. Uso ukakunjamana, ukakunjuka, ukakunjamana tena upande wa pili. Hopsi za lita saba zilikuwa zimekusanyika zote kwenye hicho kikombe. "Buda," akasema akifuta machozi, "hii ni mwarobaini." Kisha akaongeza nyingine.

Shangazi hakucheka. Alikuwa amesogeza simu usoni, naona paji la uso tu.

"Sogeza glasi kwenye mwanga. Umetia rozela?"

"Hapana shangazi."

"Ndizi?"

"Shayiri tupu."

"Shayiri haina rangi hiyo." Akanyamaza. Mimi nikaanza kusikia joto la masikio. "Ulichujia nini?"

"Kitambaa."

"Kitambaa gani? Uzi huo naujua mimi. Niliununua soko la Mbuyuni, na kabla ya kwenu uliniharibia kitambaa cha meza. Umechujia foronya yangu?"

Nikahisi mke wangu amegeuka.

"Shangazi, si uliwaambia siku ile zinachuja?"

"Zinachuja rangi! Nilisema zisifuliwe na nguo nyeupe!"

"Mimi nikajua..."

Hapo ndipo shangazi alipoangusha simu. Tulibaki tunatazama mabati ya paa la jikoni kwake kwa muda mrefu, na kicheko kinasikika kikienda mbali, kikirudi, kikienda kuwaita majirani. Jirani yangu naye akaaga, akaondoka na chupa.

Mke wangu hakusema kitu. Aliingia chumbani, akatoka na mto wangu, akauweka juu ya kochi, akanyoosha foronya vizuri kwa viganja kama anavyowafanyia wazee wake kazini. Halafu akarudi ndani na LALA, akafunga mlango. Mimi nikabaki sebuleni na SALAMA, hata sasa bado inanuka uji.