Karibu Baba Paroko, Kwaheri Mfuko Wangu

Tangu ilipovuja habari kwamba paroko wetu anahamishwa, parokia hii haina Mkatoliki wa kawaida tena. Wote wamekuwa wasemaji wa askofu. Ukienda kwa muuza nyama unaambiwa anakuja padri mmoja kasoma Roma. Ukipanda bodaboda, dereva, tena si Mkatoliki, anakuhakikishia kwamba yule wa Roma kashakataa, anakuja kijana anayepiga kinanda mwenyewe. Ni kama dirisha la usajili la Simba na Yanga, tofauti ni kwamba huku mchezaji hana wakala na mashabiki ndio wanaolipa.

Na kila mtu ana padri wake kichwani. WAWATA, yaani akina mama Wakatoliki, wanamtaka anayetembelea wagonjwa. VIWAWA, vijana wetu, wanamtaka asiyenuna akisikia gitaa. Kwaya wanamtaka atakayewaacha wamalize beti zote za wimbo wa matoleo, hata kama matoleo yenyewe yaliisha kitambo na padri kasimama altareni anatazama dari. Sisi wanaume, UWAKA, tuliitisha kikao, tukashindwa kuelewana, tukanywa soda tukaondoka. Mimi ombi langu lilikuwa moja tu: mahubiri mafupi. Na sikulitoa hewani. Papa Fransisko mwenyewe, mwaka 2024, alisema mahubiri yasizidi dakika nane, maana baada ya hapo watu wanasinzia, na akaongeza kuwa wana haki. Nilipolisema hilo jumuiyani nilitazamwa utadhani mimi ndiye niliyemtuma Papa.

Katekista wetu, mzee wa watu aliyechoshwa na kelele, akasimama baada ya Misa. "Ndugu zangu, paroko hapigiwi kura. Kanuni ya 523 ya Sheria ya Kanisa: anayemteua ni askofu. Na halmashauri ya parokia, kanuni ya 536, kazi yake kushauri tu." Angeishia hapo tungelala kwa amani. Mzee akaendelea mpaka ya 524, kwamba askofu kabla hajateua humsikiliza dekano, yaani padri anayesimamia parokia kadhaa, na ikibidi anaweza kuwauliza mapadri kadhaa na hata walei, waumini wa kawaida kama sisi.

Hata walei! Mzee hakujua alichokifungulia mlango.

Kuanzia jioni ile mwenyekiti wa jumuiya yetu hakuona tena sababu ya kwenda shambani. Anashinda barazani na koti la suti, simu mkononi, chaja kachomeka kwa jirani maana kwake luku imeisha. Ikiita namba asiyoijua anasimama kwanza, anakohoa, anafunga kifungo cha koti, ndipo anapokea: "Tumsifu Yesu Kristo, Mhashamu!" Siku moja nilikuwepo. Sauti ya upande wa pili ikasema, "Mzee, mimi mwenye nyumba wako, ile hela tuma kwenye namba hii." Mwenyekiti amejenga, hana mwenye nyumba. Lakini alifikiri kidogo, akauliza kwa unyenyekevu, "Kwani Baba Askofu amebadilisha namba?" Wakati huohuo mwenzake wa jumuiya ya bondeni anatangaza kwamba yeye kashaulizwa tayari, ila amekatazwa kusema.

Barua ikatoka. Hakuna aliyeulizwa. Jina lililosomwa halikuwahi kutoka mdomoni mwa muuza nyama wala wa bodaboda. Watu wakapiga vigelegele, na kufika getini kila mmoja alikuwa anasema, "Si niliwaambia?"

Mateso yangu yakaanzia hapo. Maaskofu wa Afrika Mashariki walipozipa kipaumbele jumuiya ndogondogo miaka ya 1970, walitaka Wakristo wakutane nyumba kwa nyumba, wasome Neno la Mungu, wasaidiane. Sijui ni nani aliyekuja kuongeza daftari la michango. Kuna mchango wa kumuaga paroko anayeondoka. Kuna wa kumpokea anayekuja. Kuna sare, kwa sababu, naambiwa, huwezi kumpokea mtu kwa kitenge alichoagiwa mwenzake. Mke wangu alinieleza hilo kwa upole wa mtu aliyekwisha kumlipa fundi. Nikauliza kwenye kikao kwa nini tusimuage na kumpokea siku moja, pilau moja, turubai moja. Mama mhazini hakunijibu. Alifungua daftari, akatafuta jina langu, mbele yake akaandika "bado" na kupigia mstari.

Kuaga sitawasimulia sana. Waliokuwa wakimsema paroko kwamba ni mkali ndio waliolia kuliko wote, mmoja mpaka akabebwa.

Nikajikuta kwenye kamati ndogo ya malazi. Nilichaguliwa nikiwa sipo, ndivyo wanavyochaguliwa wengi huku kwetu. Kamati ya chakula ina watu hawahesabiki, kamati ya itifaki ina watu wenye miwani ya jua, lakini ya malazi unaipata kwa kukosa kikao. Ajenda ya kwanza: godoro. Mama mmoja akapendekeza futi sita kwa sita, inchi nane. Mzee mmoja akanyoosha kidole: padri analala peke yake, hizo futi sita za nani? Kimya. Watu wakatazama viatu vyao. Mhazini akajaribu kuokoa jahazi: "Je, Baba Askofu akija kulala?" Mzee akauliza, "Kwani watalala wote wawili?" Kikao kikavunjika, tukafunga kwa sala ya haraka.

Mara ya pili tukakubaliana futi tano kwa sita. Katekista, aliyekuwa amekaa pembeni muda wote, akasema mapadri wa kwanza wazalendo wa nchi hii walipewa upadirisho kule Rubya, Bukoba, mwaka 1917, na hajawahi kusikia popote walinunuliwa godoro la futi ngapi. Tukamshukuru kwa mchango wake wa mawazo, tukaingia kwenye mapazia.

Mapazia yalikula muda kuliko godoro. Zambarau ikakataliwa, ni ya Kwaresima. Nyekundu ni ya mashahidi, tutamtisha mgeni. Kijani ni kipindi cha kawaida, sawa, lakini Pasaka je? Hapo ndugu yetu mmoja akauliza kama tutakuwa tunayabadilisha kufuata mwaka wa liturujia. Hakuwa anatania. Katibu akaliandika. Fikiria, mtu kakaa seminari miaka na miaka, falsafa huko Ntungamo au Kibosho, teolojia Segerea au Kipalapala, halafu anakuja kuchaguliwa rangi ya pazia na watu ambao madirisha ya kwao tumeyaziba kwa kanga. Tukaishia rangi ya maziwa. Na paroko mwenyewe, niwaambie kabisa, alikuja na godoro lake.

Siku ikafika. Msafara ulikuwa umlaki njia panda. Kila bodaboda ilipewa mafuta ya elfu tano kutoka kwenye michango, yangu ikiwemo, maana mwishowe nililipa ili mhazini aache kunisalimia kwa jina kamili. Wakaondoka wengi, honi zinalia, matawi ya mwembe mbele. Wakarudi pungufu, na baadhi yao wamepakia abiria. Mmoja alikuwa na mama mwenye tenga la kuku. Nikajua kabisa, yale mafuta ndiyo yangu.

Ndani ya kanisa mambo yalikwenda kwa heshima. Dekano akasoma barua ya uteuzi, paroko akaungama imani mbele yetu, watoto wa Utoto Mtakatifu wakacheza mpaka mmoja akaangusha chetezo. Ikafika zamu ya funguo. Sasa funguo za kweli za kanisa letu anazo mzee wa sakristia, amezifunga kwa kamba ya katani kiunoni, na tangu ile maikrofoni iibwe hajamwachia binadamu. Hata paroko aliyeondoka alikuwa anapiga hodi. Dekano akamtazama mzee. Mzee akatikisa kichwa. Katibu akachomoka kupitia mlango wa pembeni, akarudi na ufunguo mmoja mkubwa wenye kutu, umefungwa utepe mweupe. Dekano akaupokea, akamkabidhi Baba Paroko, vigelegele, kwaya ikalipuka. Ule ni ufunguo wa choo cha zamani, kile kilichotitia wakati wa masika.

Mahubiri niliyapima kwa saa. Dakika ya nane ilimkuta bado anafikisha salamu: za Mhashamu Baba Askofu, za makamu wa askofu, za mapadri wenzake, za parokia aliyotoka, za masista, za mama yake mzazi. Sitamsingizia, mahubiri yenyewe yalikuwa mazuri, tena mafupi. Ni salamu ndizo zilizotumaliza.

Kisha risala. Paa linavuja, spika zinakoroma, uzio umelala, gari la parokia liko juu ya mawe. Baba Paroko akasikiliza hadi mwisho, akatabasamu, akasema haya yote tutayatatua pamoja. Watu wakapiga makofi. Mkono wangu ukaenda wenyewe mfukoni kushika kilichobaki.

Chakula. Naomba hapa mnivumilie. Mimi ni mtu niliyelipa, risiti ninayo. MC anatangaza "wageni kwanza", na ghafla nusu ya kamati ya chakula ni wageni, tena wageni waliokuja na vyombo vyenye mifuniko. Zamu yangu ilipofika nikapewa pilau ambayo nyama ilipita tu ikielekea meza kuu. Nikaomba hata mchuzi. Dada aliyekuwa anapakua akaniuliza, "Baba, wewe ni wa jumuiya gani?" kwa sauti ya mtu anayetafuta sababu.

Nilikuwa nimejaza mdomo wali mkavu, ndipo Baba Paroko aliposhika maikrofoni na kutangaza kwamba anaanza mara moja kutembelea jumuiya, na ya kwanza ni yetu. Mwenyekiti akasimama, akafunga kifungo cha koti, akauliza nani atampokea nyumbani kwake. Wanajumuiya wote wakainama kufunga kamba za viatu, hata waliovaa kandambili. Mimi nikabaki wima peke yangu nikihangaika kumeza. "Tumshukuru sana ndugu yetu," akasema mwenyekiti, na mke wangu, kutoka upande wa WAWATA, akapiga kigelegele kimoja kirefu.

Sasa hivi yuko dirishani na futi ya fundi. Ananiuliza rangi. Nimemwambia yoyote, ilimradi si zambarau.