Acheni kugawanya 100 kwa 20

Sanduku la kilo 20 liko sakafuni na linaburutwa kwa kamba. Kani, yaani nguvu ya kuvuta, ni nyutoni 100, kamba imeinuka nyuzi 30 kutoka mlalo, uwiano wa msuguano (msuguano ukigawanywa kwa kani ambayo sakafu inasukumia juu) ni 0.3. Tafuta mchapuko, yaani kasi inabadilika kiasi gani kila sekunde. Swali hili limechakaa kama chaki, na bado watu wanaandika F = ma (kani ni tungamo mara mchapuko) na kuanza kugawanya kabla hawajachora hata mshale mmoja wa kuonyesha upande wa kani.

Anayejiona makini anakumbuka msuguano. Uzito ni 20 mara 9.8 (mchapuko wa mvutano wa dunia), yaani nyutoni 196. Zidisha kwa 0.3 upate 58.8. Kisha 100 toa 58.8, gawanya kwa 20: 2.06 m/s². Jibu sahihi ni 2.14. Msahihishaji mwenye haraka anasema "desimali tu hizo" na kutoa alama. Desimali gani! Hapo kuna makosa mawili yanayositiriana. Kwanza, kamba imechukuliwa kana kwamba imelala, zikaongezwa nyutoni 13.4 ambazo hazisukumi sanduku mbele. Pili, msuguano umehesabiwa zaidi kwa nyutoni 15. Na kichekesho ni kwamba anayerekebisha kosa la kwanza peke yake anapata 1.39, akawa mbali na ukweli kuliko aliyekosea yote.

Kani ina upande. Gawa ile 100: kwa mlalo ni 86.6 (100 mara kosini ya nyuzi 30), kwa wima ni 50 (100 mara sini yake) kwenda juu. Sanduku halipai wala halizami, kwa hiyo kani za wima lazima zifutane: sakafu inasukuma juu kwa 196 toa 50, yaani 146, si 196. Hapa ndipo wengi wanapoanguka, maana wamekaririshwa kwamba sakafu "hurudisha uzito". Sakafu hurudisha kile inachokandamizwa nacho, basi, na hapa kamba imeipunguzia mzigo. Msuguano ni 0.3 mara 146, nyutoni 43.8. Linalobaki kwa mlalo ni 42.8, sasa ndiyo ugawanye kwa 20.

Haya, kani zote zikiwa kwenye mstari mmoja, kujumlisha na kutoa kunatosha, sibishi. Lakini nyutoni 30 na nyutoni 40 zinaweza kuzaa chochote kuanzia 10 hadi 70, kutegemea pembe iliyo kati yake. Ni 50 zikiwa kwenye pembemraba tu, yaani nyuzi 90, pembe ambayo watunga mitihani wanaipenda kupita kiasi.

Na tafadhali, mchapuko hufuata kani tokeo, yaani ile inayobaki kani zote zikijumlishwa pamoja na pande zake, haufuati mwendo. Mpira uliorushwa wima, ukifika kileleni, kasi yake ni sifuri na mchapuko wake bado ni 9.8 kwenda chini.

Kwa asiyeamini kwamba mshale una kazi, achukue sanduku lilelile na nyutoni zilezile 100, ila sasa asukume kutoka nyuma akielekeza chini nyuzi 30. Sehemu ya mlalo haijabadilika, 86.6. Ile 50 ya wima ndiyo iliyogeuka: sasa inakandamiza, sakafu inajibu kwa 246, msuguano unapanda hadi 73.8, na mchapuko unashuka kutoka 2.14 hadi 0.64. Anayevuta naye asidhani kwamba kuinua kamba zaidi ni faida daima. Pembe bora hapa ni ile ambayo tanjenti yake ni 0.3, karibu nyuzi 17, inayotoa 2.28. Kwa nyuzi 60 unaambulia 0.86.

Msukumaji akiinamisha mikono hadi nyuzi 45, anabaki na 70.7 za mlalo dhidi ya msuguano wa 80. Sanduku lililokuwa likienda litapunguza mwendo hadi lisimame, na lililotulia halitaondoka kamwe. Mwenye F = ma yake isiyo na mishale bado anasubiri 5 m/s².