Msalaba wa Gosforth haukuanza kama kazi ya wapagani
Mwandishi wa makala moja niliyoisoma anasema msalaba wa Gosforth, nguzo ya kale ya jiwe kule Cumbria kaskazini mwa Uingereza, ni kazi ya wapagani ambayo Wakristo waliiteka baadaye. Hapo amekosea. Nimesimama chini yake, uani kwa kanisa la St Mary, mvua ikininyeshea, nikauzunguka mara tatu. Ni jiwe jekundu la mchanga la karne ya 10, jembamba, urefu wa mita 4.4, chini mviringo na juu pembe nne. Upande wa mashariki Yesu amenyoosha mikono, askari mwenye mkuki yuko miguuni pake; juu yao Vidar, mungu wa kipagani wa Wanorse (watu wa kale wa Skandinavia), anampasua taya mbwamwitu Fenrir wa hadithi zao. Upande wa magharibi, karibu na chini, Loki, mungu wao mwenye hila, amefungwa, na mkewe Sigyn anakinga sumu ya nyoka kwa bakuli. Niliinama hadi pua ikakaribia jiwe ndipo nikaliona hilo bakuli, maana limelika sana. Yote hayo yamo kwenye jiwe moja, na kileleni ni msalaba tangu mwanzo! Kwangu mimi, mchongaji aliwahubiria walowezi wa Kinorse kwa hadithi walizolelewa nazo. Kinachoniuma ni hiyo mvua. Msalaba wa Ruthwell, nao wa kale wa jiwe, kule Uskoti, uliingizwa kanisani mwaka 1887, lakini huu bado unanyeshewa. Wenzangu mnaonaje, nao uingizwe ndani, au uachwe hapo ulipodumu zaidi ya miaka elfu moja?